Nyanya wa Mbooni na Dawa ya Madoadoa

Vijana wangu, kwanza niwaeleze kazi niliyokuwa nikifanya, maana hata mume wangu hajaielewa mpaka leo. Anawaambia watu kwamba nilikuwa "wa kompyuta", kama vile mtu anavyoweza kuwa wa mbuzi au wa kwaya.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba tangazo linaendana na ukurasa. Ukifungua tovuti yetu kusoma bei ya ndengu, pembeni uone tangazo la magunia, au la dawa ya dumuzi, au la mtu anayenunua ndengu. Usione viatu vya harusi. Hiyo tu. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi ya kufanya huku unakunywa chai, na kweli tulikuwa tunakunywa chai, lakini mara nyingi ilikuwa ikitupalia.

Ofisi yetu ilikuwa Kitui mjini, juu ya duka la viatu. Tuliandika habari za Kitui na Makueni kwa Kiswahili: mazao, mazishi, mechi, mikutano ya akina mama, ng'ombe waliopotea. Kwenye matangazo tulikuwa watatu. Mhariri wetu alikuwa Bi Zuhura, mzaliwa wa Kitui, lakini babu zake walitoka pwani kuja kufanya biashara, na Kiswahili chao wakakishika kwa mikono miwili. Ukimwambia "ile kitabu", anafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Kijana wa mitambo alikuwa Kyalo, wa kutoka Matiliku, mpole sana, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Aliniita mwaitu, yaani mama, ingawa nilimkataza nikiwa bado na nywele nyeusi. Wa tatu ni mimi, Mutheu.

Mtambo wetu wa wakati ule ulikuwa na akili ya mbuzi mwenye njaa. Ulisoma ukurasa, ukachukua neno linalojirudia, ukakimbilia kwenye matangazo kutafuta neno hilo hilo. Maana haukuijua. Uliona herufi, ukafurahi.

Mzee mmoja wa heshima alipofariki, familia iliandika kwamba amelala usingizi wa amani. Mtambo ukaona "amelala", ukaona "usingizi", ukamtafutia marehemu godoro. Picha yake, suti na tai, na pembeni: LALA KAMA HUJAWAHI KULALA! Tulipiga magoti kwa familia ile. Haukupita muda, upepo ukang'oa paa la kanisa fulani, tukaandika habari kwa masikitiko, na mtambo ukakumbuka kwamba paa pia ni mnyama. Ukaweka tangazo la matembezi ya mbugani: LETE FAMILIA, MWONE PAA WAKIRUKA! Mchungaji alitupigia simu. Hakutukana, lakini aliomba kwa sauti, kwa simu, akitutaja majina.

Lakini hizo zilikuwa salamu tu. Kazi yenyewe niliijua siku ya Nyanya Syombua.

Syombua alikuwa mkongwe wa milima ya Mbooni, mwenye wajukuu waliotapakaa kila mahali, na wajukuu wale waliamua kumfanyia sherehe ya kumshukuru. Mkubwa wao alikuwa injinia, jina lake Muthiani, mtu wa kupanga mambo. Alituomba tuweke ukurasa wa heshima: picha ya nyanya, maisha yake, ramani ya kufika nyumbani, na nafasi ya jamaa walio mbali kuandika salamu. Tukaukamilisha siku ya Ijumaa asubuhi. Sherehe ilikuwa kesho yake.

Ulikuwa ukurasa mzuri, nawaambia. Nyanya amekaa kwenye kiti, leso mabegani, anacheka mpaka macho yamepotea kwenye mikunjo. Kichwa cha habari: NYANYA YETU, FAHARI YETU. Tukaufungua kwa watu, tukaenda kumimina chai.

Nilikuwa sijaonja yangu Kyalo aliposema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka chini ya meza, "Mwaitu, kuja."

Nikaenda. Pembeni mwa picha ya nyanya, kwa herufi nyekundu, palikuwa na tangazo la Bwana Kilonzo, mwenye duka la pembejeo pale soko la Kabati, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote:

NYANYA ZAKO ZIMEKUNJAMANA? ZINA MADOADOA? USIZITUPE! PULIZA ASUBUHI, JIONI UTAZISHANGAA!

Nikamtazama yule mama wa watu na mikunjo yake. Nikalitazama tangazo. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha simu ikalia, kicheko kikakatika chenyewe.

"Hiyo ni ofisi?" Alikuwa injinia. "Nani amesema nyanya yetu ina madoadoa?"

"Mwanangu, ni mtambo. Nyanya ya tangazo ni ile ya kachumbari."

"Na hii ya picha ni ya kachumbari? Toa hiyo kitu!"

Nyinyi leo mngelibofya tu likatoka. Mtambo wetu haukuweza kufungia ukurasa mmoja. Ilikuwa uzime matangazo ya tovuti nzima, au uyaache yote. Na kuutoa ukurasa wenyewe hatukuweza, maana ndio uliokuwa mwaliko na ramani. Basi Bi Zuhura akaja, akasoma, akaweka miwani chini polepole.

"Kyalo," akasema, "Kiswahili chenyewe kina dawa. Nyanya mtu anafika, anasema, anacheka. Nyanya tunda inaiva, inaoza, inauzwa. Uambie mtambo uangalie kitendo. Kikianza na *a*, ni mtu. Kikianza na *i*, ni ya kupika."

Kyalo akapiga makofi. Mimi pia. Kitu kizuri namna hiyo, tena kutoka ndani ya lugha yenyewe! Akauandikia mtambo kanuni ile, akabofya, tukangoja. Tangazo likabaki pale pale. Si hilo tu, likaongezeka la pili, la kreti za kubebea nyanya sokoni.

"Haiwezekani," akasema Bi Zuhura. "Nionyeshe walichoandika watu."

Kyalo akafungua salamu za jamaa. Akasoma kwa sauti, na kila sentensi Bi Zuhura akawa anazidi kuzama kwenye kiti chake.

"*Nyanya imetulea vizuri sana.* Hiyo ni ya mjukuu wake wa Mombasa. *Nyanya yetu iko imara, haijaharibika.* Hiyo ni ya binamu. *Hii nyanya ni ile ya ukweli, Mungu aiweke muda mrefu.*"

"Basi," akasema Bi Zuhura. "Inatosha, Kyalo. Nimesikia."

Kanuni ilikuwa sahihi kabisa, vijana wangu. Watu ndio hawakuwa sahihi. Huku kwetu Kiswahili tumekikuta shuleni baada ya Kikamba, kwa hivyo kila kitu kwetu ni "hii" na "ile", awe mtu, awe ng'ombe, liwe gari. Ukitengeneza mtambo wa kusoma watu, usiutengenezee kitabu cha sarufi. Utengenezee watu.

Bi Zuhura akakunywa maji, akapata wazo la pili. Pwani, nyanya huitwa bibi. Basi tuondoe "nyanya" ukurasa mzima, tuweke "bibi". Mimi nilitaka kusema kitu, lakini Kyalo alikuwa ameshabofya, na BIBI YETU, FAHARI YETU ikajitokeza juu ya picha. Sasa, nyinyi mnajua bibi ni nani huku bara. Bibi ni mke. Na mtambo haukupata bibi mwingine, kwa sababu matangazo yote yaliandikwa na watu wa huku. Ukatuletea hoteli:

MPELEKE BIBI FUNGATE! KITANDA KIPANA, MAUA MLANGONI!

Simu ikalia kabla sijaikaribia.

"Mama," akasema injinia, na safari hii sauti yake ilikuwa imetulia, jambo lililonitisha zaidi, "mnataka tumpeleke fungate na nani? Babu alikufa zamani. Na kwa nini mmeandika bibi yetu? Sisi wote tumemwoa?"

Nikamwambia tunarekebisha. Akasema wazee wa ukoo wameshauona ukurasa, na kwamba kesho atasimama mbele ya watu wote atangaze kuwa mtu yeyote wa mlima ule asitusome tena. Hapo ndipo tuliacha kucheka. Watu wa Mbooni ndio waliotuletea habari za matunda, mahindi na maharagwe; bila wao, nusu ya tovuti yetu ingekuwa hewa.

Wazo la tatu lilikuwa la Kyalo. "Si tutumie *susu*? Kikamba ni susu. Matangazo yote ni ya Kiswahili, kwa hivyo mtambo utakosa kitu ya kushika."

Ilionekana ni sawa. Hata Bi Zuhura akakubali, ingawa kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. SUSU YETU, FAHARI YETU. Tukangoja. Pembeni pakabaki peupe kwa muda, nikaanza kumshukuru Mungu. Kumbe mtambo ulikuwa unatafuta. Na mnajua mtoto mdogo huku kwetu akitaka kukojoa anasema nini. Anasema susu.

Ikaja nepi. Nepi, vijana wangu, pembeni mwa mama yule mwenye heshima zake zote:

MTOTO AKISEMA SUSU, WEWE TABASAMU! KITANDA KIKAVU MPAKA ASUBUHI!

Bi Zuhura alitembea mpaka kwenye mtambo, akamwambia Kyalo, "Zima." "Zote?" "Zote." Tovuti nzima ikabaki nyeupe pembeni kama ukuta wa zahanati.

Jioni hiyo akapiga Kilonzo wa Kabati, na yeye amekasirika. "Mama Mutheu, wateja wanakuja dukani kuniuliza kama dawa yangu inapuliziwa watu wazee! Watoto wa shule wananipigia kelele, ati *Puliza nyanya!* Mimi nahama. Natafuta redio."

Bi Zuhura akaamua: kesho tunapanda Mbooni sisi wenyewe, tuombe msamaha uso kwa uso, na Kilonzo aje nasi, kwa sababu dawa ni yake. Nilimbembeleza kwa simu mpaka akakubali. "Lakini nina mzigo wa mteja upande huo," akasema. "Nitaubeba." Mimi nikasema beba tu. Sikuuliza ni mzigo gani.

Tulimchukua Kabati asubuhi. Gari lilipofika chini ya mlima, njia ikawa ya mawe na mitaro, tukashuka, tukachukua boda boda. Bi Zuhura alipanda upande upande kwa adabu, ameshika buibui kwa mkono mmoja na shingo ya dereva kwa mwingine, anasoma dua kwa sauti. Mbele yao, mimi; mbele yangu, Kyalo. Nyuma yetu wote, Kilonzo na mzigo wake, ambao haungeweza kukaa kwenye pikipiki kwa hivyo aliuvaa mgongoni.

Sikuuona vizuri mpaka tulipoingia uwanjani. Palikuwa na hema kubwa jeupe, utepe wa rangi, viti vimejaa watu. Nyanya Syombua amekaa mbele, leso mpya, keki mezani. Muthiani alikuwa ameshika kipaza sauti. Akatuona sisi wanawake na Kyalo, akashusha kipaza sauti. Kisha akamwona Kilonzo.

Kilonzo alikuwa amevaa pampu ya kunyunyizia dawa. Ile ya mgongoni, mpya, ya buluu, na mpira wake, na mkono wake wa kupulizia ameushika mbele kama askari, kwa sababu ulikuwa ukining'inia na kumpiga magoti. Na alikuwa anatembea moja kwa moja kuelekea kwa nyanya, kwa haraka, amenyoosha mkono kusalimia.

Uwanja mzima ulikuwa umesoma lile tangazo. Wajukuu wakasimama kama waliopigwa na umeme. Wawili wakajitupa mbele ya kiti cha nyanya, mikono wameitandaza. Mama mmoja akapiga ukemi. Muthiani akasema kwenye kipaza sauti, mlima wote ukasikia, "Wewe! Weka hiyo pampu chini!"

"Ni ya mteja!" akalia Kilonzo, mikono juu. "Haina kitu! Haina hata maji!"

Nilitamani mtaro mmoja wa njiani unimeze. Bi Zuhura akaanza kueleza kwa Kiswahili safi sana, ambacho hofu ilikifanya kiwe safi zaidi, mpaka nusu ya watu hawakumwelewa.

Ndipo nyanya akauliza, kwa sauti ndogo, akichungulia katikati ya wale wajukuu wawili, "Huyu wa pampu ni nani?"

Kumbe hawakumwambia lolote. Macho yake hayasomi, nao walikuwa wamemficha ili asiumie. Muthiani akainama, akamweleza kwa Kikamba, kwa upole, huku akitafuta maneno: kwamba watu wa tovuti wameandika vibaya, ati nyanya amekunjamana, ati apulizwe dawa.

Mama yule akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka leso ikaanguka, akashikwa na kikohozi, akapewa maji, akayarudisha kwa kicheko. Alipopata pumzi akamwita Kilonzo kwa kidole.

"Una dawa ya nyanya?"

"Ndiyo, susu."

"Sasa mbona wananizuilia wewe? Nyanya zangu zinakufa! Nimeambia hawa watoto, wananiambia susu pumzika, susu kula keki."

"Ziko wapi, susu?"

Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya hema. Kilonzo akaenda, sisi nyuma yake, wajukuu nyuma yetu. Akainua pembe ya turubai. Akachuchumaa.

Hema lilikuwa limepigwa juu ya nyanya. Nusu ya matuta ilikuwa ndani, chini ya viti vya wageni wa heshima. Kigingi kimoja kilikuwa kimepita katikati ya mche. Zilizobaki nje zilikuwa zimekanyagwa na watu wa muziki walipokuwa wakipitisha spika zao.

"Hii si madoadoa," akasema Kilonzo, akisimama. "Dawa yangu haitasaidia hii. Hii imekaliwa."

"Nani amesema hema liwekwe hapa?" akauliza nyanya kutoka kwenye kiti chake. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Watu wote wakamtazama injinia. Kijana wa watu, tangu jana anamtetea nyanya kwa simu, na siku hiyo hiyo alikuwa akielekeza vigingi kwenye nyanya. Akavua koti.

Sherehe ile sitaisahau. Hema lilihamishwa wageni wakiwa wamekalia viti vyao juani. Muthiani na shati lake jeupe aliinua mche mmoja mmoja, Kilonzo akimwelekeza wa kuokoa na wa kung'oa, wakiifunga kwenye vijiti kwa utepe ule wa mapambo, maana kamba haikuwepo. Kyalo alitumwa maji. Bi Zuhura alishika kipaza sauti ili wazee watoe hotuba zao wakiwa wamesimama kando ya matuta, na mmoja alihutubia akiwa ameshika mche wa nyanya uliofungwa utepe wa waridi. Nyanya alihamishiwa kiti chake karibu, akatoa amri mpaka keki ikakatwa. Hakuna aliyetangaza kwamba tusisomwe. Walisahau.

Tukirudi, Kilonzo alihesabu mashamba ya njiani mpaka karibu na Kabati. Kisha akasema, "Watu wangapi pale wana shamba la nyanya?" Nikamwambia karibu wote. Akasema, "Basi redio ingoje."

Jumatatu tuliketi tukaunda upya namna yetu ya kufanya kazi, na hii ndiyo nataka mwichukue hata mkisahau hayo mengine. Kyalo aliufundisha mtambo kuuliza kwanza huu ni ukurasa wa nini, wa msiba, wa sherehe, wa soko au wa shamba, kabla ya kugusa neno lolote. Msiba haupewi tangazo kabisa. Neno moja likiwa na maana mbili, mtambo unatafuta wenzake wa karibu: nyanya akiwa na wajukuu, ni mtu, ikiwa na mbolea, ni tunda, wakiwa wote wawili pamoja, mtambo unaacha na kumwita binadamu. Na huyo binadamu anasoma ukurasa na tangazo kwa sauti, vyote pamoja, mbele ya mtu mwingine. Mwenzako akicheka, usiweke. Ukiwa na shaka, acha pembeni peupe. Peupe hapajawahi kupigiwa simu na mchungaji.

Na mjue anayesoma ni nani. Watu waliofungua ukurasa wa Syombua walikuwa wakulima wa mlimani. Tangazo la Kilonzo lilikuwa la watu wale wale. Lilichokosa ni mahali pa kukaa.

Mchana huo Muthiani akapiga simu.

"Mama," akasema, "susu anataka murudishe tangazo."

"Lipi, mwanangu?"

Akakohoa. "Ile ya dawa. Hizo zingine hatujamsomea." Kisha nikasikia sauti ndogo nyuma yake ikimwamrisha kitu, naye akaniambia, "Ngoja, anasema muandike pia salamu zake. Vile anavyosema, msibadilishe."

Nikamwita Bi Zuhura aziandike yeye, kwa kuwa ndiye mhariri. Simu ikawekwa sauti ya juu, na mama yule wa Mbooni akasema polepole, kama mtu anayezungumza na viziwi. Bi Zuhura akafumba macho, akayafumbua, akaandika neno kwa neno, akaziweka chini ya picha bila kugusa herufi:

"Nyanya imeamka vizuri. Inasalimia watu wote."